Sweta Linapokataliwa: Dalili za Kwanza za Balehe kwa Mtoto Mwenye Usonji

Kila tarehe 2 Aprili, Siku ya Usonji Duniani, magrupu yetu ya chuo yanajaa picha zilezile. Mtoto wa miaka minne au mitano, kavaa bluu, anatazama pembeni. Umoja wa Mataifa uliitangaza siku hiyo mwaka 2007 na ikaanza kuadhimishwa 2008, kwa hiyo mtoto wa bango la kwanza leo ni mtu mzima, pengine ana ndevu. Mabango yenyewe hayakui. Sijawahi kuona hata moja lenye binti wa miaka 11 ambaye kifua kimeanza kumuuma na hana maneno ya kusema kinamuuma.

Nataka kumwandikia binti huyo, pamoja na mvulana wa umri wake. Nyumbani kwetu Mwese nikirudi likizo wazazi wao ndio wananiuliza maswali, kwa sababu mtu akishasomea ualimu kijijini anaitwa mwalimu hata kabla ya kumaliza chuo. Na wengi wetu tunaosoma elimu tutapangiwa shule ambazo mtoto huyo yupo, au alitakiwa awepo.

Kwa wasiopajua, Mwese ni kata ya Wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi. Mtu wa Dar akisikia Katavi anawaza joto na viboko wa hifadhini. Mwese ni nyanda za juu. Unapanda kutoka Mpanda mjini, barabara ikikubali, na baridi ndiyo inayokwambia umefika. Asubuhi ya Juni mtoto haendi shule bila sweta. Hilo sweta lina kazi katika habari hii.

Usonji tumeusoma wote darasani, kwa hiyo nitapita haraka. Ni namna ubongo unavyokua tofauti tangu utotoni: mtoto anawasiliana na kuhusiana na watu kwa njia yake, anapenda mambo yaende kwa mpangilio uleule, na milango yake ya fahamu inaweza kupokea sauti, mguso au harufu kwa ukali kuliko wetu, au kwa upole kuliko wetu. Wengine wanaongea sana, wengine hawaongei kabisa. Kijijini neno usonji bado halijafika kila nyumba. Utasikia "bubu" wakati mtoto anasikia vizuri tu, au "amechelewa", kana kwamba kuna basi la kuongea lilimwacha.

Neno hilo la "amechelewa" ndiko tatizo linakoanzia. Mzazi anapima umri wa mwanawe kwa maneno aliyonayo. Mtoto ana miaka 10, anasema maneno sita, anaogeshwa, anavalishwa, basi kichwani mwa mama ni mtoto wa miaka mitatu. Ukimwambia ajiandae kwa balehe anacheka: "Huyu? Huyu bado mdogo, mwalimu." Lakini mwili una kalenda yake na hauangalii kama mtoto ameshajifunza kufunga vifungo.

Kalenda hiyo inakwendaje? Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi. Muda ukifika inaanza kutoa homoni kwa mapigo, mwanzoni zaidi usiku mtoto akiwa usingizini. Homoni hiyo inaiamsha tezi ya pituitari, nayo inatuma ujumbe kwenye ovari za msichana au korodani za mvulana, na huko ndiko estrojeni na testosteroni zinakotoka. Kwa wasichana kazi hii kwa kawaida huanza kati ya miaka 8 na 13, kwa wavulana kati ya 9 na 14. Usonji hauizuii. Wala kutoongea hakuizuii.

Dalili ya kwanza kwa msichana mara nyingi ni kinundu kigumu chini ya chuchu. Kinaweza kuanza upande mmoja, mwenzake akafuata baada ya miezi kadhaa, na kinauma kikiguswa. Hedhi ya kwanza huja baadaye, mara nyingi baada ya miaka miwili au mitatu tangu kinundu hicho. Katikati hapo kuna nywele, kurefuka kwa kasi, na ute mweupe kwenye chupi ambao huanza miezi kadhaa kabla ya damu. Yaani mzazi anayejua kusoma dalili anapewa taarifa mapema sana. Ana miaka miwili ya kumwandaa mtoto. Kinachouma ni kwamba wengi wanaanza siku damu ilipotoka, tena shuleni.

Kwa mvulana dalili ya kwanza haionekani kirahisi: korodani zinakua. Sauti nzito, ambayo ndiyo sote tunaisubiri, inakuja nyuma sana, wakati kazi imeshafika mbali. Nywele na harufu ya kwapa nazo hupitia mlango mwingine, tezi za adrenali zilizo juu ya figo, kwa hiyo zinaweza kutangulia zenyewe. Na wavulana wengi hupata vinundu kifuani kwa muda. Jamani, hili liandikeni mahali, kwa sababu nimeona mvulana akitaniwa kwa hilo mpaka akaacha kuvua shati mtoni.

Sasa turudi kwenye sweta. Mama mmoja wa kitongoji chetu ana binti ambaye wakati huo alikuwa na miaka 10. Anasema maneno machache, anapenda kupanga punje za maharage mistari mirefu uani, na alikuwa na sweta lake la kijani alilolipenda kupita kiasi. Wiki moja ya Juni akalikataa. Akivalishwa analivua, akilazimishwa anapiga kelele na kujipiga kifuani kwa ngumi. Mkoba wa shule hautaki. Usiku halali kifudifudi kama alivyozoea. Baba akasema ni kiburi, dawa yake fimbo. Bibi akasema kuna mkono wa mtu. Wakakaa hivyo karibu wiki tatu, mtoto anatetemeka kwa baridi, nyumba nzima haina amani.

Siku moja anamwogesha, mama akapitisha kitambaa kifuani, mtoto akaruka. Mama akagusa taratibu kwa kidole akakuta kitu kama punje ya harage chini ya chuchu ya kushoto. Akaja nyumbani kwetu jioni hiyo kajifunga kanga mpaka kichwani.

"Mwalimu, mwanangu ana uvimbe. Upande mmoja. Si kansa hii?"

Nilimwambia nilichojua na kumwomba asiishie kwangu. Kesho yake tulikwenda naye kituo cha afya. Nesi alimpima kwa utulivu na kusema ni balehe. Sufi ya sweta ilikuwa inasugua mahali penye kidonda kisichoonekana. Wakamtafutia fulana laini ya pamba ya kuvaa ndani, na sweta la kaka yake lililo pana, na vita ikaisha. Fimbo hazikuwa zimesaidia kitu.

Nimekaa kwenye kisa hiki kwa sababu kinabeba karibu kila kitu. Mtoto asiye na maneno anaisema balehe kwa tabia. Anakataa nguo aliyoipenda. Anaanza kujinusa kwapa kila saa, au anaikimbia sabuni. Analia bila sababu unayoiona, anaamka usiku, anataka kukaa peke yake. Mvulana anashika suruali yake kila mara kwa sababu kuna jambo linatokea humo ambalo hakuambiwa. Wazazi wanasema "amebadilika", "usonji umezidi", au wanamtafuta mchawi, wakati usonji ni uleule na kilichobadilika ni mwili. Ushauri wangu kwa mzazi yeyote mwenye mtoto wa miaka 8 kwenda juu ni huu: tabia ikigeuka ghafla, kabla ya kutafuta sababu ya mbali, mwangalie mwili. Kifua, kwapa, chupi, urefu wa suruali. Angalia pia meno na masikio, maana si kila jambo ni balehe.

Hapa mzazi wa mtoto mwenye usonji ana nafasi ambayo wengine hawana. Wenzake waliacha kuwaogesha watoto wao miaka mingi iliyopita, yeye bado anaogesha. Anaweza kuona kabla ya mtu yeyote. Isipokuwa kwa baridi ya kwetu, ambapo kuoga kunafanyika fasta gizani kwa maji ya ndoo yanayopoa, na mchana kutwa mtoto yuko ndani ya sweta. Unaweza kuishi na mwili wa mwanao miezi sita usiuone.

Je, balehe inawawahi watoto hawa? Mwaka 2020 timu ya Blythe Corbett wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt, Marekani, ilichapisha utafiti uliolinganisha vijana zaidi ya 200 wa miaka 10 hadi 13, wenye usonji na wasio nao. Wasichana wenye usonji walionekana kuanza mapema kuliko wenzao. Kwa wavulana tofauti hiyo haikuonekana. Huo ni utafiti wa huko, lishe na maisha ni tofauti na ya Mwese, kwa hiyo sitaugeuza sheria. Lakini unatosha kumwambia mama asisubiri miaka 13. Na kuna mpaka ambao hauhitaji mjadala: msichana akionyesha dalili kabla ya miaka 8, au mvulana kabla ya miaka 9, apelekwe hospitali. Balehe ya mapema mno inaweza kuwa na chanzo kinachotibika, na ikiachwa mifupa hufunga mapema, mtoto akabaki mfupi.

Jambo jingine la hospitali ni kifafa. Kwa watu wenye usonji kifafa ni cha kawaida zaidi kuliko kwa wengine, na umri wa kubalehe ni kipindi kimojawapo kinapojitokeza. Si lazima mtoto aanguke na kutoa povu. Anaweza kuganda macho mahali pamoja, usimwite akasikia, kisha akaendelea kama hakuna kilichotokea. Likijirudia hilo, kaandike siku na saa, kampeleke. Kwetu kifafa kina hadithi nyingi za mapepo na watoto wanapoteza miaka kwa waganga wakati dawa zipo.

Temple Grandin, profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado huko Marekani, naye ana usonji, na ameandika jinsi hofu kali zilivyomvamia alipoingia balehe. Huyo ni mtu aliyekuja kuandika vitabu. Fikiria asiyeweza kusema sentensi.

Nije kwenye mafundisho, na hapa nina ugomvi kidogo na Kiswahili chetu kitamu. Mila zetu zimempa shangazi na bibi kazi ya kumfundisha binti, na ni jambo zuri. Lakini wanafundisha kwa mafumbo. Amevunja ungo. Yuko mwezini. Ameingia sikuni. "Sasa umekuwa mkubwa, usicheze na wavulana." Mtoto mwenye usonji mara nyingi anachukua neno kama lilivyo. Binti mmoja ninayemfahamu, huyu anaongea vizuri tu, aliambiwa kavunja ungo akaenda jikoni kuuangalia ungo, akaukuta mzima, akawa anabishana na bibi yake siku nzima kwamba hajavunja kitu. Tulicheka. Lakini alichotoka nacho siku hiyo ni kwamba anasingiziwa. Na hilo la kutocheza na wavulana alilishika kwa maana yake yote: aligoma kukaa meza moja na kaka yake.

Kwa hiyo semeni wazi. Damu itatoka hapa, kwenye uke, siku tatu mpaka saba. Hujaumia. Ni ya wasichana wote. Mwite kila kiungo kwa jina lake, na jina liwe moja nyumbani na shuleni. Mwese ina watu wa makabila mengi, na tangu miaka ya 1960 walipopewa makazi wakimbizi kutoka Rwanda lugha zimeongezeka, nyumba moja inaweza kuwa na majina matatu ya kitu kimoja. Kwa mtoto huyu chagueni moja, kila mtu alitumie. Pedi aizoee kabla: avae kavu saa moja, kesho saa mbili, aseme au aonyeshe kama inamkera. Wengine hawavumilii pedi za dukani kwa sababu ya sauti na mguso wa ile plastiki, kitambaa laini cha pamba kilichofuliwa na kuanikwa juani kinawafaa zaidi, na kwa mfuko wa mama wa kijijini ni nafuu. Mchoreeni picha za hatua moja moja, zibandikwe chooni kama kuna pa kubandika: vua, weka, vuta, nawa. Maji ya rangi nyekundu kwenye pedi yanaweza kutumika kumwonyesha atakachokiona, ili siku yenyewe rangi isimtishe.

Mvulana naye asisahaulike, maana kwake kuna kimya kabisa. Aambiwe uume utasimama wenyewe, aambiwe usiku anaweza kuamka kalowa na hajakojoa. Akijishika mbele za watu, kumchapa kunamfundisha woga tu. Kinachotakiwa ni mahali. Vitabu vingi vya ughaibuni vinasema mfundishe kwamba hayo ni ya chumbani kwake, mlango umefungwa. Sawa. Mwese nyumba ina vyumba viwili na watoto watano kwenye mkeka mmoja. Chumbani kwake ni wapi? Wazazi niliozungumza nao walipata majibu yao: mmoja kapiga pazia kona ya sebule, na pazia likishuka hakuna anayeingia. Mwingine ameweka bafu la makuti kuwa mahali hapo, na kipande cha kanga mlangoni ndiyo alama. Inatosha, maana mtoto huyu akishapewa kanuni inayoonekana kwa macho anaifuata kuliko sisi.

Kuna na salamu. Mtoto aliyezoea kukumbatia kila mgeni akiwa na miaka mitano anapendwa. Akiwa na 14, mrefu, sauti nzito, kijiji kinaona kitu kingine na anaweza kupigwa. Badilisha mapema, akiwa bado mdogo: mkono kwa mgeni, kumbatio kwa mama, baba na bibi.

Na hapa ndipo pananinyima usingizi. Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kwamba Katavi, asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au ni wajawazito. Kitaifa ilikuwa 27. Hakuna mkoa uliotupita. Maana yake kwetu kifua cha binti kikionekana, kuna macho yanayokihesabu. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi. Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani, Mahakama Kuu ikakubaliana naye 2016 na Mahakama ya Rufani ikathibitisha 2019. Lakini macho ya gulioni hayasomi hukumu. Sasa mweke hapo binti ambaye miaka yote amefundishwa kutii kila mtu mzima, anayeguswa na watu wengi anapovalishwa na kuogeshwa, na ambaye hawezi kusimulia. Dalili za kwanza za balehe kwa binti huyo ni taarifa ya afya na taarifa ya usalama kwa pamoja.

Afundishwe kukataa, hata kama ni kwa kusukuma mkono, na akikataa jambo dogo nyumbani aheshimiwe, la sivyo kukataa hakutakuwa na maana kwake. Wanaomwogesha wapungue wabaki wawili wanaojulikana. Ajue majina ya viungo, kwa sababu polisi na daktari hawawezi kufanya kazi na "huku chini". Mabadiliko ya ghafla, michubuko, kuogopa mtu fulani, visipitishwe kama "ndo usonji wake". Namba 116 inapigwa bure kwa mambo ya watoto, na vituo vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto. Wapo wazazi wanaoniuliza kuhusu kumchoma binti sindano ya uzazi wa mpango mapema "ili tupumzike". Naelewa uchovu wao, sitawahukumu. Waongee na daktari, na wajue kwamba sindano inazuia mimba tu. Haimzuii mbakaji, na inaweza kumfichia.

Sisi wa elimu tumo wapi? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010 inampa mtoto huyu haki ya kusoma. Walimu wa elimu maalumu wanaandaliwa, Patandi kule Arusha kazi yake ni hiyo, na shule kama Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam zina kitengo cha watoto wenye usonji. Ila barua ya ajira inaweza kukupeleka kata ya mlimani, darasa la wanafunzi 90, wewe umesomea Historia na Kiswahili, na kwenye dawati la mwisho yuko mvulana aliyeanza kuziba masikio kila sauti yake mwenyewe inapokwaruza.

Unachoweza kufanya wiki ya kwanza hakihitaji bajeti. Muulize mama yake nyumbani wanatumia neno gani kwa choo, kwa maumivu, kwa "basi, sitaki". Andika nyuma ya daftari la maandalio. Tafuta mwalimu wa kike au wa kiume ambaye mtoto hamwogopi, akubaliane na wewe kuwa mtu wa dharura. Weka pedi mbili na sketi ya akiba kwenye kabati la ofisi. Onyesheni choo mtoto asichokipenda kwa sababu ya nzi au mwangwi, mpate kingine. Na mama akija kusema mwanawe anakataa sweta la shule, kabla ya kutaja kanuni za sare, muulize limeanza lini na anajishika wapi.